Bustani ya Uani na Taa Yake



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya ua wa nyumba. Wengi wetu katika Newala na Masasi tuna ua mpana uliofagiwa ukang'aa, wala hauna hata mche mmoja wa pilipili. Mchicha twanunua sokoni, na nyanya kadhalika. Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini halimi, atakujibu kwa neno moja: maji.

Jawabu hilo si la uvivu. Mtu akisimama pale Shimo la Mungu, Newala, huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini mbali kabisa. Maji yako bondeni, na watu wako juu. Mchanga wa uwanda wa Makonde huimeza mvua mara inaponyesha. Mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipofika Newala mwaka 1906 aliikuta taabu hiyo hiyo ya kuteremka bondeni kuteka maji. Katika miaka ya 1950 mashine zikaanza kuyapandisha, na watu wengi wamejichimbia matangi ya kuvunia mvua. Hata hivyo bomba hukauka, na tangi huisha kiangazi. Na maji yakipungua, ndoo hurudi juu ya vichwa vya mama zetu na dada zetu.

Basi sharti la bustani yetu ni hili: isimwongezee mama wala binti safari hata moja ya maji. Mboga iliyostawi kwa ndoo ya binti aliyekosa kudurusu masomo yake ni ghali kuliko ya sokoni. Yatupasa kuanza na maji yaliyokwisha kuingia nyumbani.

Kwanza, maji ya udhu. Nyumba yenye watu watano, kila mmoja akitumia kopo la lita moja kwa kila sala, humwaga lita 25 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya ndoo moja kubwa, tena haina sabuni wala mafuta! Tengeneza mahali pa kutawadhia karibu na bustani, kisha chimba mfereji mdogo uelekeze maji kwenye mimea. Maji ya kuoshea mchele na mboga yafuate njia hiyo. Yale ya sabuni nyingi mpe mgomba, usiyamwage juu ya mchicha.

Pili, udongo. Anayeanza asilime ua mzima. Pima upana wa mita moja na urefu wa mita mbili, ukachimbe futi moja kwenda chini. Changanya udongo ule na samadi ya mbuzi au ya kuku iliyooza vizuri, urudishe, lakini usijaze hata juu. Penye mchanga, tuta lililoinuka hukauka upesi. Lililozama kidogo huyakusanya maji. Kisha funika kwa nyasi kavu, jua lisiunguze udongo. Zungushia uzio wa mianzi, maana kuku hawana subira na miche.

Tatu, mbegu. Mchicha huliwa baada ya wiki tatu au nne, nao humtia moyo anayejifunza. Fuatisha bamia, na kunde ambazo majani yake ni mboga na punje zake ni chakula. Mche mmoja wa pilipili hutosha nyumba moja. Panda na mpapai pembeni, pale maji ya udhu yanapoishia. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Basi andaa shimo na samadi kabla ya mvua, usiingojee mikono mitupu.

Nne, jihadhari na salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho unapofika, funika mboga zilizo karibu na shamba, na uzioshe vema kabla ya kupika. Mfuko uliokuwa na salfa au dawa ya wadudu usiupandie mboga kamwe, hata ukiwa umefuliwa mara saba.

Sasa tuje kwenye taa. Ua wenye mimea hupendwa na wadudu, na nyoka naye aweza kujificha humo. Mzee atokaye alfajiri kutawadha ahitaji kuona anapokanyaga. Zamani tulikuwa na koroboi na chemli. Leo wako wanaoacha taa ya umeme ya wati 60 ikiwaka uani usiku kucha. Hebu tuhesabu: kwa saa 12 kila usiku, taa hiyo hula uniti 21 na zaidi kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga karibu sawa na huo, hula uniti tatu na kidogo. Tena zipo taa za jua zisizodai uniti hata moja.

Anayenunua taa ya jua na aangalie mambo machache. Kioo chake kisiwe chini ya kivuli cha mwembe au mkorosho. Kwa kuwa sisi tuko kusini ya Ikweta, kikielekezwa kaskazini na kulazwa kidogo hupata jua vizuri, na mvua hukiosha. Wakati wa kiangazi kipanguse vumbi. Taa yenyewe iwe fupi, iangaze chini kwenye njia ya msalani na ya mahali pa udhu. Isimulike dirisha la jirani, wala isiwe juu ya mboga, maana huwaita wadudu. Iliyo bora ni ile inayowaka mtu apitapo na kuzimika akishapita. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha taa zizimwe watu waendapo kulala, kwa kuchelea moto. Taa zetu za leo hazina utambi, lakini israfu ni ile ile.

Neno la mwisho ni kwenu, vijana wa kiume. Shimo la mita mbili ni kazi ya jioni moja. Msimwachie mama jembe, kama tulivyomwachia ndoo miaka mingi. Mpapai ukizaa, nanyi mkamwona mtoto wa jirani amelichuma moja, msimkemee. Tumefundishwa kwamba kila kinacholiwa katika mti uliopandwa, na mtu au na ndege, huandikwa sadaka ya aliyeupanda.

Wabillahi tawfiq.