Joto la Tairi Katika Njia ya Arua na Koboko

Katika miezi ya kiangazi, tangu Desemba hadi Machi, jua la West Nile huwa kali, na lami iendayo Koboko kutoka Arua huwaka kiasi cha kumfanya mwenye miguu mitupu atafute majani ya ukingoni. Huo ndio wakati ambapo vipande vyeusi vya mpira huonekana vimetapakaa kando ya njia, na wapitao husema kwamba jua limepasua tairi. Hukumu hiyo inalionea jua. Jua huchangia, lakini sehemu kubwa ya joto linaloua tairi huzaliwa ndani ya tairi lenyewe, na mwenye gari aweza kulizuia asubuhi kabla hajatoka nyumbani kwake.

Zamani, njia hii ilipokuwa ya udongo mwekundu, mashimo na vumbi vilimlazimisha kila dereva kwenda polepole. Tairi liliteseka kwa mawe, lakini halikupata nafasi ya kuchemka. Katika miaka ya 2010 barabara ya kilomita 92 itokayo Vurra, kupita Arua na Koboko hadi Oraba penye mpaka wa Sudan Kusini, iliwekwa lami. Safari ya kutoka Arua hadi Koboko, ambayo ni yapata kilomita 55, ikawa fupi na ya raha. Mwendo uliongezeka, lakini mazoea ya wenye magari mengi hayakubadilika. Wengi bado hupunguza upepo ili gari lisiruke katika njia za vijijini, kisha huingia katika lami na tairi lile lile legevu, wakakanyaga mafuta.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akichukua kipande cha waya na kukikunja huku na huku upesi upesi, pale penye mkunjo pataunguza vidole, na hatimaye waya utakatika. Tairi nalo hukunjwa vivyo hivyo. Kila linapozunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea, mbavu zake hutanuka, kisha hurudi zilivyokuwa. Tairi la gari dogo lenye mzingo wa kama mita 1.9 huzunguka zaidi ya mara 500 katika kilomita moja. Kutoka Arua mpaka Koboko huwa limekunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara 27,000. Likiwa na upepo wa kutosha, mkunjo ni mdogo na joto hupotea hewani. Likiwa legevu, mkunjo huwa mkubwa, joto huzidi kupanda, gundi inayoshikanisha matabaka hudhoofika, na ngozi ya juu hubanduka au ubavu hupasuka.

Kwa hiyo upepo ndio dawa ya kwanza. Kipimo kinachofaa huandikwa na watengenezaji wa gari katika kibandiko, ambacho aghalabu hupatikana penye mlango wa dereva. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi si kipimo cha kila siku; huonyesha kikomo ambacho tairi halipaswi kupita. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya safari, au baada ya gari kupumzika saa tatu hivi. Kupiga tairi teke au kulitazama kwa macho hakutoshi, kwa maana matairi mengi ya siku hizi huonekana yamejaa hata yanapopungukiwa. Tairi la akiba nalo lipimwe, lisije likatolewa njiani likiwa halina kitu.

Liko kosa moja ambalo hufanywa kwa nia njema. Dereva husimama Maracha, hugusa tairi na kuliona la moto, hupima na kukuta upepo umepanda, kisha hutoa kiasi ili “lipumue”. Kumbe upepo kupanda ni jambo la kawaida. Kila joto la ndani linapoongezeka kwa nyuzi 10 za sentigredi, tairi la gari dogo huongeza kama ratili moja na nusu. Tairi lililoanza safari na ratili 32 laweza kufika 37 bila ubaya wowote. Likipunguzwa hadi 32 lingali moto, litakapopoa litabaki na kama 27, na kuanzia hapo litakunjika zaidi na kuchemka zaidi. Tiba ya tairi la moto ni kupunguza mwendo au kuliweka gari kivulini kwa nusu saa.

Huenda msomaji akasema kwamba madereva wa mashindano hupunguza upepo kabla ya kuingia uwanjani. Ni kweli kwamba wengine hufanya hivyo, lakini wao hupima kila mara wanaporudi, hubadilisha matairi kabla hayajaisha, na mzunguko wao wa mwisho huwa wa polepole ili matairi na breki vipoe. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda Safari Rally mara tano, mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Katika mashindano ya namna hiyo gari hufuatwa na mafundi na matairi ya kubadilisha. Baba anayewapeleka watoto shuleni hana msafara huo. La kuwaiga ni bidii yao ya kupima na kupoza, wala si kasi yao.

Dawa ya pili ni mzigo wa kiasi. Kila tairi lina namba ya uzito linaoweza kubeba. Kwa mfano, lenye namba 91 hubeba kilo 615, na katika hesabu hiyo umo uzito wa gari lenyewe. Pikapu inapojazwa magunia ya muhogo na juu yake wakaketi watu kumi waendao mazikoni, tairi la nyuma hubebeshwa kupita nguvu zake. Mahali ambapo kibandiko kinataja kipimo kikubwa zaidi cha upepo kwa safari ya mzigo, kifuatwe. Bali kuongeza upepo hakuhalalishi kuzidisha shehena. Kwa malori yenye matairi mawili mawili, lile la ndani lisisahauliwe. Likipungukiwa, mwenzake hubeba mzigo wa wawili, na yote mawili huharibika.

Tatu, umri. Matairi yaliyotumika nchi za nje huuzwa kwa bei nafuu, na mengine bado yana mifereji mizuri. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Ubavuni mna tarakimu nne za mwisho zinazotaja juma na mwaka: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye nyufa ndogo ndogo, uvimbe ubavuni au nyuzi zinazochungulia lisiingie barabarani, hata kama muuzaji ataapa.

Njiani, dereva asikilize. Usukani ukianza kutetemeka, gari likivuta upande mmoja, au harufu ya mpira ikapanda, asimame mahali salama. Magurudumu yakiwa moto sana yasimwagiwe maji baridi, kwa kuwa chuma cha breki chaweza kupasuka. Tairi la lori likitoa moshi, watu wakae mbali nalo, kwani laweza kulipuka. Na tairi likipasuka katika mwendo, dereva aushike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu katika mafuta, asikanyage breki kwa nguvu, na aliache gari lipungue mwendo lenyewe kabla ya kulitoa barabarani.

Haya yote hayahitaji elimu ya fundi. Kipimo cha upepo ni chombo kidogo kinachoweza kukaa kabatini pamoja na tochi, na mama au kijana mkubwa wa nyumba aweza kukitumia sawasawa na baba. Hata abiria ana haki ya kuuliza kabla hajapanda. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa wa tairi huzibwa kwa dakika tano za asubuhi, wakati mizigo inafungwa na watoto bado hawajapanda garini.