Limeanguka, Tuambiwe

Sisi wa Mapinga si watu wa kudeka. Andazi likimponyoka mtoto nyumbani, analiokota, analipuliza, anakula, na bibi yake anacheka kwamba uchafu haumuui Mwafrika. Hayo ni yetu: sakafu yetu, tumbo letu. Kinachotukera ni kile kinachoanguka mezani kwa muuzaji kikaishia mikononi mwetu kwa bei ileile.

Simama kituoni asubuhi. Daladala linafunga breki, vumbi linapanda, abiria wananyoosha mikono madirishani. Katika purukushani hiyo andazi linachomoka, linadunda kwenye benchi, linatua chini pale wanapotemea mate makonda. Muuzaji anatazama kulia, anatazama kushoto. Analifuta kwa upindo wa kanga, upindo uleule uliokwisha kufuta meza na pua ya mtoto, kisha analirudisha kwenye ndoo, chini kabisa, wenzake walifunike. Shilingi 200. Atakayeangukiwa nalo, Mungu ndiye ajuaye.

Ukimuuliza anakujibu kwa dini: Mtume kasema tonge likianguka lisiachiwe shetani. Sawa mama, hadithi hiyo tunaijua tangu madrasa. Lakini anayeambiwa pale ni mwenye tonge: aliokote, aondoe uchafu, ale mwenyewe. Kumuuzia abiria wa Bagamoyo hakumo.

Mwingine atakwambia halikukaa, limegusa tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, waliangusha mkate, peremende na tikiti maji juu ya vigae, chuma, mbao na zulia vilivyopakwa bakteria. Kuna bakteria waliohama hata sekunde moja haijaisha. Tikiti, kwa majimaji yake, lilizoa kuliko vyote, na zulia liliachia wachache kuliko vigae. (Mliotandaza vigae mkatucheka wenye mikeka, mmesikia.) Sasa mfikirie muuza matikiti wa barabarani, kipande kimemponyoka, anakisuuza kwa maji ya kopo aliyochota tangu alfajiri.

Wapo wanaotusimanga: mbona dagaa wa Mwanza walioanikwa mchangani mnakula? Tunakula, tena tunaomba nyongeza. Lakini mchanga wao tunaujua, tunawaosha hadi maji yatakate, ndipo tunawakaanga. Andazi lilishakaangwa, mama. Ungelitosa tena kwenye mafuta ya moto mbele ya macho yetu, tungenyamaza.

Hatuombi bwana afya aje kumwaga ndoo za watu. Maandazi hayo yanasomesha watoto. Tunaomba lililoanguka liwekwe sahani yake, litajwe, lishushwe bei. Kwa shilingi 100 halikosi mteja, na baadhi yetu tunaonung'unika hapa tutakuwa wa kwanza kulidaka.