Tuulizwe Baada ya Ripoti, Si Kabla Yake

Kila sifa njema anastahiki Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, si jambo geni tena katika miji na vijiji vyetu vya Pwani kuamka asubuhi na kukuta uwanja wa watoto umepigwa vigingi, au njia ya kuteremkia ufuoni imezibwa kwa mabati. Habari hiyo huzungumzwa barazani wiki mbili tatu. Hulaumiwa chifu, hulaumiwa mwakilishi wa wadi, hulaumiwa mwenye fedha zake, kisha kila mtu hurudi katika shughuli zake. Linapofika tingatinga ndipo watu hukumbuka kuandamana, na hapo leseni imekwisha tolewa na muda wa kuipinga umekwisha pita.

Tungependa waumini wautazame kwa makini mfano wa ndugu zetu wa Lamu, kwani wengi wanausifu bila ya kujua ni kipi hasa kilichowapa ushindi. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga kinu cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa kaskazini ya mji mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwezi Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikaipa kampuni hiyo leseni. Umoja wa Save Lamu pamoja na watu wengine watano wakakata rufaa mwaka huo huo mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo kazi yake ni kama ya mahakama. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni. Kampuni nayo ikakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi ikaitupilia mbali.

Je, mikutano haikufanyika? Ilifanyika! Hapa ndipo penye fundisho. Kampuni ilileta ushahidi wa mikutano iliyoitisha, na watu kweli walikwenda wakaketi wakasikiliza. Lakini Jopo lilipoipima mikutano hiyo liliona kuwa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kukamilika. Watu waliambiwa kwamba kuna jambo jema linakuja, wakaahidiwa kuwa watarejewa. Ripoti ilipokuwa tayari, yenye habari za moshi, majivu na maji ya moto yatakayomwagwa baharini, hawakurejewa kwa namna ambayo sheria imeitaka. Kanuni za mwaka 2003 zilizotumika katika shauri hilo zinataka matangazo yabandikwe mahali pa hadhara, yachapwe gazetini kwa wiki mbili mfululizo, yatangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, kisha ifanyike mikutano isiyopungua mitatu pamoja na watu watakaoathirika.

Mtu anayeulizwa maoni juu ya kitu ambacho bado hajaonyeshwa hajaulizwa chochote. Kwa hiyo yule atakayekuja mtaani kwenu na kusema "tumekuja kuwashirikisha", muulizeni kwanza: ripoti iko wapi? Ikiwa bado, basi mkutano huo ni wa salamu, na uandikwe katika kumbukumbu kuwa ni wa salamu.

Ulinganisheni mfano huo na ule wa bandari ya Lamu. Huko pia Mahakama Kuu iliona kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wala hawakupewa habari za kutosha, na ikaamuru wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lakini hukumu hiyo ilitoka mwezi Aprili 2018, na jiwe la msingi la bandari lilikuwa limewekwa tangu Machi 2012. Bahari ilikuwa imekwisha chimbwa. Haki ilithibiti, ila ilithibiti kwa sura ya fedha, na mvuvi hawezi kuutega mtego wake juu ya hundi. Hatusemi kuwa bandari ni ovu, wala kila mwekezaji si dhalimu. Vijana wetu wanahitaji kazi, na hospitali na shule hazijengwi angani. Tunasema kwamba neno lililosemwa kabla ya leseni lina uzito ambao neno la baadaye halina.

Wapo wanaodhani kuwa kuyasemea mambo ya ardhi ni siasa isiyomhusu mcha Mungu. Hao tunawaelekeza kwenye vitabu vya fiqhi, mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Wanazuoni wetu wa Kishafii, na Imam Nawawi katika Minhaj ni miongoni mwao, wamebainisha kwamba mtu hamiliki kwa kuhuisha kile kilicho hariim ya kijiji, yaani maeneo yanayouzunguka mji na ambayo wenyeji hawawezi kuishi bila ya kuyatumia: mahali pao pa kukutania, pa kupumzishia ngamia, hata pa kutupia majivu ya majiko yao. Ajabu ni kwamba zama zile kijiji kililindiwa mahali pake pa kutupia majivu, na zama hizi kijiji kinaletewa majivu ya watu wengine. Vyovyote vile, haki ya wakazi juu ya ardhi ya pamoja ambayo hakuna hata mmoja wao mwenye hati yake ilitambuliwa na wanazuoni karne nyingi kabla ya katiba zetu.

Na katiba nayo haikuwasahau. Wengi katika sisi hunyamaza kwa sababu hawana hati ya ardhi, wakidhani kuwa asiyekuwa na hati hana mdomo. Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani iwapo haki ya mazingira safi inavunjwa au inatishiwa, wala hatakiwi kuthibitisha kuwa yeye au mwingine amekwisha pata hasara. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeipa ofisi inayoombwa siku 21 za kujibu. Basi ombeni ripoti kwa barua. Ripoti hizi huwa nene na aghalabu ni za Kiingereza, kwa hiyo takeni na muhtasari wa Kiswahili.

Katika mkutano wenyewe, tahadharini na karatasi ya mahudhurio. Mzee huweka sahihi akidhani ni ya nauli na soda, na kesho jina lake laweza kuonyeshwa kama la mtu aliyekubali. Kabla ya kutia sahihi, someni kichwa cha karatasi. Kikiwa kitupu, andikeni wenyewe kwamba ni mahudhurio tu. Ombeni nakala ya kumbukumbu. Mkutano ukiitishwa asubuhi ya bamvua, wavuvi wakiwa baharini, au mahali ambapo akina mama hawawezi kufika, semeni hivyo kwa maandishi siku hiyo hiyo. Na anayepinga ataje jambo mahsusi: kisima fulani, njia fulani, makaburi fulani. "Hatutaki" peke yake ni rahisi kupuuzwa.

Muda ndio unaotuangusha zaidi. Uamuzi wa kaunti wa kuruhusu ujenzi, chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, hukatiwa rufaa kwa kamati ya maelewano ya kaunti katika siku 14. Leseni ya NEMA hupingwa mbele ya Jopo katika siku 60. Siku 14 ni Ijumaa mbili tu.

Kwa ajili hiyo tunaziomba kamati za misikiti zichague watu wawili wenye kusoma Kiingereza, mmoja wao akiwa mwanamke ikiwezekana, wapite kila wiki kwenye mbao za matangazo za ofisi ya chifu na za kaunti. Wakikuta tangazo la mradi katika eneo letu, wampe imamu, naye alisome baada ya sala ya Ijumaa pamoja na siku ya mwisho ya kupokelewa maoni. Barua iandikwe kwa nakala mbili, ipelekwe kwa mkono, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe katika faili la msikiti, si nyumbani kwa mtu.

Wabillahi tawfiq.