Mwizi Aliyegeuzwa Mpagazi

Ukimleta mgonjwa wako Dar es Salaam kwa basi, huenda ukashukia stendi ya Magufuli, pale Mbezi Luis, wilayani Ubungo. Umechoka, una wasiwasi, nawe ni mgeni mjini. Mtu akikujia na chupa, akasema ni dawa mpya ya ng'ambo iponyayo kansa kwa virusi, utamjibu nini? Afadhali uyajue mambo yenyewe kabla ya kusafiri.

Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Kirusi ni kama mwizi: hujipenyeza ndani ya chembe ya mwili na kuilazimisha ifuate amri zake. Wataalamu wakawaza: tukimnyang'anya mwizi huyu silaha, tukamtwika mzigo wetu, je, hatatufikishia? Basi huondoa yale yaletayo ugonjwa, na mahali pake hutia jeni, yaani amri ndogo ambayo chembe huielewa na kuitii.

Mwaka 2012, huko Philadelphia, Marekani, mtoto wa miaka 6, Emily Whitehead, alikuwa na kansa ya damu, na dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Madaktari walitoa chembe nyeupe za damu yake, ambazo ni askari wa mwili. Wakazipelekea jeni kwa mpagazi aliyetengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI, lakini asiyeweza tena kuzaana wala kuleta ugonjwa huo. Askari hao waliporudishwa mwilini walimtambua adui wakampiga. Mtoto alishikwa na homa kali, akawa karibu kufa, kisha akapona. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu tiba hiyo itumike, nayo bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Waona basi, tiba ya namna hii hutengenezwa katika maabara kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, naye hulindwa na madaktari usiku na mchana. Haitiwi chupani ikauzwa stendi. Anayekuambia hivyo anataka fedha zako tu, na siku unazopoteza kwake ndizo kansa hupata nafasi ya kukua. Mpite, ukaulize njia ya Ocean Road, hospitali ya serikali ya kansa, ukiwa na barua ya daktari wa kwenu.

Lakini liko jambo ambalo halihitaji safari. Kansa ya mlango wa kizazi, inayowaua mama zetu wengi, karibu kila mara huletwa na virusi. Chanjo ya kuvizuia ilianza kutolewa nchini Tanzania kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 huchomwa sindano moja tu, bila malipo. Mwizi huyu yafaa kufungiwa mlango kabla hajaingia. Baba, mama, je, binti yenu amekwisha chanjwa? Kama bado, ulizeni zahanati juma hili hili.