Kuinama Si Kushinda Mbio

Mtu apandapo baisikeli hutaka mambo mawili: kufika aendako, na kuonekana vizuri njiani. Yote mawili ni halali, wala hakuna sheria imkatazayo kijana kupendeza. Lakini mambo hayo mawili yakigombana, yafaa tujue lipi litangulie. Mimi nasema kufika kutangulie, tena kufika bila maumivu. Nitatoa sababu zangu hapa, ili ninyi wadogo zangu mlio shuleni, na wenzangu tuliokwisha toka, mzipime wenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Sasa nafundisha shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mara kwa mara naja Mbarara mjini kwa shughuli zangu. Kwa hiyo baisikeli za pande zote mbili nazijua. Kule Nakivale baisikeli ni chombo cha nyumba, kama vile sufuria na jembe. Huchukua maji, huchukua mahindi kwenda kusagwa, na usiku humchukua mgonjwa. Mjini nako huleta matoke sokoni, mikungu imefungwa huku na huku mpaka mwenye baisikeli haonekani.

Mwezi wa Septemba, mwaka 2025, mashindano ya dunia ya mbio za baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Kigali si mbali na kwetu, na Nakivale wako wengi wenye asili ya Rwanda, basi habari zile zilifuatwa kama habari za nyumbani. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeshinda mbio za wanaume, mwendo wa kilomita 267 na nusu katika vilima vile. Watu walipanga mstari kandokando ya barabara kuwashangilia hata waliokuwa nyuma kabisa. Furaha ile ilikuwa njema, nami niliishiriki.

Lakini pamoja na furaha umeingia mtindo, na mtindo huo ndio ninaousema. Kijana huchukua baisikeli nyeusi ya mzigo, ile ambayo wazee wa Ankole huiita egaari, akaupindua usukani ukaelekea chini mfano wa pembe za kondoo. Akapandisha kiti mpaka kikaupita usukani. Akang'oa keria, madigadi, stendi na kengele, ati ni uzito wa bure. Na kwa kuwa breki za baisikeli hizo ni za fito zilizoungwa kwenye usukani, usukani ukipinduliwa breki nazo huvurugika. Kisha hupanda, akainama mpaka pua inakaribia gurudumu, naye aenda dukani kununua chumvi.

Tuulize kwanza: mshindani wa kweli huinama kwa nini? Jibu mtalipata katika darasa la Fizikia. Anayekwenda kwa baisikeli hupambana na hewa iliyo mbele yake, na upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, upinzani huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, upinzani huwa mara tisa. Mshindani anayekwenda kilomita 45 kwa saa apigana na hewa mara tisa kuliko mwenzetu anayekwenda kilomita 15 juu ya barabara ya vumbi. Kwa huyo wa kwanza kuinama ni faida kubwa. Kwa huyo wa pili faida ni ndogo mno, lakini maumivu ya kiuno hupata sawasawa na mshindani, au zaidi, kwa sababu hakufanya mazoezi ya kuuzoeza mgongo.

Tena wengi hudhani kwamba umbo la baisikeli ya mashindano liliamuliwa na mwendo peke yake. Sivyo. Mwaka 1933, mjini Paris, Mfaransa mmoja aitwaye Francis Faure alipanda baisikeli iliyotengenezwa na Charles Mochet. Katika baisikeli hiyo mtu hakuinama hata kidogo, bali aliketi ameegemea nyuma kama mtu aliyekaa katika kiti cha uvivu, miguu imetangulia mbele. Kwa saa moja Faure alikwenda kilomita 45 na mita 55, akaivunja rekodi ya Oscar Egg wa Uswisi iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1914. Faure hakuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa siku zile. Chombo chake ndicho kilichomshindia, maana kwa kulala hivyo hewa ilimpita juu.

Je, chama cha dunia cha mbio za baisikeli kilifanya nini? Mwaka 1934 kiliamua kwamba chombo kile hakihesabiwi kuwa baisikeli katika mashindano yake. Silaumu, kila mchezo una kanuni zake, na mpira wa miguu nao haukubali mikono. Lakini tujifunze jambo hapo. Umbo lile la kuinama ambalo vijana wetu wanaliiga ni kanuni ya mchezo pia, si siri ya mwendo tu. Anayeshindana hana budi kuifuata kanuni. Asiyeshindana na mtu, naye anapeleka mahindi kusagwa, ametiwa kifungoni na nani?

Jambo la pili ni magurudumu. Kwa miaka mingi washindani walipenda matairi membamba, ya milimita 23 au hata chini ya hapo, yaliyojazwa upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Waliamini kwamba kutikisika ndio mwendo. Siku hizi wamegeuza shauri. Katika mbio kubwa za barabarani wengi hutumia matairi ya milimita 28 au zaidi, na upepo wameupunguza, kwa kuwa imeonekana kwamba barabara ikiwa na mashimo, kutikisika kwingi hupoteza nguvu za mpandaji. Yaani mabingwa wenyewe wameitafuta raha, wakaona kwamba raha nayo ina mwendo wake. Tairi la egaari lina upana wa karibu milimita 40. Ni ajabu, basi, kumwona kijana wa Nakivale, mahali penye barabara za udongo na mawe, akitoa fedha zake ili aliache tairi nene atafute jembamba, wakati mabingwa wa Ulaya wanakuja upande wetu.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tuangalie sasa kilichomo ndani ya mtindo huu.

Kwanza, mwili huumia. Uzito wa kifua ukiangukia viganja, mishipa ya fahamu hubanwa, na vidole vikafa ganzi. Shingo nayo huchoka kwa kuinuliwa muda mrefu. Ikishachoka, mpandaji huiacha ianguke, akawa anatazama gurudumu lake badala ya kutazama njia. Katika barabara kuu ya kutoka Masaka kupita Mbarara kwenda Kabale, malori hupita mchana na usiku. Mtu asiyeona mbele, wala hana breki iliyo timamu, haishi pale kwa akili zake bali kwa rehema tu.

Pili, nyumba hupungukiwa. Nimeona nyumba moja ambako kijana aling'oa keria ya baisikeli ya baba yake. Tangu siku ile dumu la maji la lita 20 likarudi kichwani kwa mama. Kijana alipita mbele ya mama yake, ameinama kwa madaha, na mama yuko nyuma na dumu. Hakuna aliyemwambia neno. Mimi nasema hapa kwa sababu naamini si nyumba ile peke yake.

Tatu, nalo ndilo lililonitia kalamu mkononi, mtindo huu huwafukuza wengine barabarani. Alikuwako msichana katika darasa langu aliyekuja shuleni kwa baisikeli ya mama yake, ameketi wima, mkoba wake kwenye keria. Vijana wakamcheka njiani, wakamwita bibi kizee. Siku chache baadaye akaiacha baisikeli nyumbani, akawa anakuja kwa miguu. Sasa hufika amechoka, na siku za mvua somo la kwanza humpita. Baisikeli haikuharibika, wala fedha hazikukosekana. Kilichomshusha ni kicheko. Nami nauliza: fahari gani hiyo, ambayo mmoja akiipata lazima mwingine apoteze somo?

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba kila mshindani alianza kwa kuiga, na kwamba mtoto asiyejifananisha na bingwa hatakuwa bingwa. Neno hilo lina ukweli. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za mashindano ya Ufaransa, yaani Tour de France, akavaa jezi ya kijani mpaka mwisho. Sitaki mtoto yeyote wa Mbarara au Nakivale akatazwe kuota ndoto kama ile. Lakini tuangalie mabingwa wa jirani walivyoanza. Baadhi ya vijana wa kwanza wa timu ya Rwanda walikuwa wakibeba abiria na mizigo kwa baisikeli nzito kabla ya kupewa baisikeli za mashindano. Vilima na uzito vilitangulia kuwatia nguvu miguuni. Mavazi yalikuja baadaye. Naye Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi akaja kushinda Tour de France mara 4, alijifunza akiwa kijana kwa kumfuata David Kinjah katika njia za vumbi za Kikuyu. Miguu kwanza, usukani baadaye.

Tena mshindani wa kweli hapuuzi raha. Kaptura yake ya kubana ina mto ndani ili asichubuke. Kiti na usukani wake hupimwa kwa mwili wake, kama fundi cherehani apimavyo suti. Anayemwiga kwa kuinama tu, bila kupimwa, bila mto na bila mazoezi, ameiga jambo moja akayaacha yale yaliyolifanya livumilike.

Basi, mwenye baisikeli afanye hivi. Apandishe kiti kiasi kwamba kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kuyumbisha kiuno. Usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Tairi lijazwe upepo wa kutosha kuchukua mzigo, lakini lisiwe gumu hata likaruka kila jiwe. Madigadi yabaki, maana mvua zetu za Machi na za Septemba hazichagui shati la nani. Breki ziwe mbili, na zote zishike. Mwenye nia ya kushindana, na atafute wenzake, afanye mazoezi asubuhi na mapema, akiona miguu imeiva ndipo atafute usukani wa pembe. Mtu wa namna hiyo mimi nitamshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nina shauri moja kwa shule yetu na kwa wanafunzi wa zamani wenye uwezo. Katika siku ya michezo tuweke mbio mbili za baisikeli. Mbio za kwanza ziwe za mwendo, kwa wale waliofanya mazoezi. Mbio za pili ziwe za mzigo: kila mmoja afunge dumu la lita 20 kwenye keria, limejaa maji na kifuniko kimeondolewa, azunguke uwanja mara 3, na mshindi awe yule atakayefika na maji mengi zaidi. Wasichana na wavulana washindane pamoja, na kila mtu aketi apendavyo. Zawadi za mbio zote mbili ziwe sawa.

Siku hiyo nitakuja na dumu langu. Mwenye usukani wa pembe na aje pia, ila kwanza atafute keria.