AFYA YA FAMILIA: Chai ya Kupunguza Tumbo

 

Mwezi uliopita tulipopima presha na uzito, kuna akina mama kadhaa waliambiwa wapunguze uzito. Basi nikacheka na wenzangu, maana mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisema kwa sauti: "Mkimbizi apunguze nini tena, mgao si umeshampunguza?" Watu wakaangua kicheko. Na kweli, mwaka 2021 WFP ilipopunguza mgao wa wakimbizi nchini Sudan Kusini mpaka nusu, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuongea habari za unene.

Lakini mambo haya yote mawili yanakaa nyumba moja, nyie. Mwaka 2010 watafiti walipima familia za wakimbizi wa Sahara Magharibi kule Tindouf, Algeria, watu ambao wameishi kambini tangu miaka ya sabini. Zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi, na karibu robo ya kaya zilikuwa na unene na utapiamlo chini ya paa moja. Mama mnene, mtoto amedumaa. Au mama huyo huyo mnene ana upungufu wa damu. Chakula kikiwa ni unga, mafuta na sukari, mboga kidogo na nyama ya sikukuu, mwili unajaa na bado una njaa ya vitu vingine. Kwa hiyo daktari akikuambia punguza, hakutukani. Tatizo ni njia tunazochukua.

Nitawaelezea habari ya mama mmoja wa mtaa wetu, mwenyewe ameniruhusu, ila jina nimeliacha. Presha yake ilikuwa juu, akapewa vidonge vya kila siku, vile vya kukojoza, na akashauriwa apungue. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Akaenda Juba, sokoni Konyo Konyo, akarudi na pakiti ya chai ya kupunguza tumbo. Asubuhi chai, jioni chai, mchana maji ya limau na siki, na kikombe kimoja cha uji. Maharage akaacha, ati yanajaza gesi. Siku ya tisa alikuwa amepungua kilo tano, akanipitia mlangoni akizunguka kama msichana: "Dada, umeniona?" Nilimwona. Macho yalikuwa yameingia ndani.

Kesho yake alianguka pale kwenye pampu na jerikani mkononi. Tulimbeba kwa pikipiki. Miguu ilikuwa inakaza, moyo unapiga bila mpango.

Sasa sikilizeni ni nini kilitokea, maana chai hizi bado zinauzwa. Nyingi zinatengenezwa kwa majani ya sena, yale yale watu wa pwani wanayaita sanamaki, mmea ambao kwao ni hapa hapa upande wa Sudan na Misri. Bibi zetu waliitumia siku moja mbili kwa mtu aliyefunga choo, na hiyo ndiyo kazi yake. Inaharisha. Lakini dawa ya kuharisha inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa huko juu. Mafuta ya tumboni hayaguswi hata kidogo. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo ndiyo inayoshika mwendo wa misuli na wa moyo. Mama yetu alikuwa anaharisha huku vidonge vyake vya presha navyo vinamkojoza maji na potasiamu ile ile. Mlango wa mbele wazi, wa nyuma wazi.

Na zile kilo tano? Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Ukijinyima chakula siku chache akiba inaisha, maji yanaondoka, mizani inakufurahisha. Ukila tena, maji yanarudi. Mafuta yenyewe hayana haraka: nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, kilo moja ni mwisho. Anayekuahidi kumi kwa wiki mbili anauza maji yako mwenyewe.

Kuna pia vidonge vinavyokuja bila jina la kueleweka. Viko vilivyokutwa vimechanganywa kwa siri na dawa iitwayo sibutramini, ambayo Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ilileta kiharusi na shambulio la moyo. Mwenye presha ndiye ananunua, na mwenye presha ndiye asiyetakiwa hata kuigusa.

Wengine hawanunui kitu, wanajinyima tu. Wanakula mara moja usiku na kujiona mashujaa. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, profesa Ancel Keys aliwapa wanaume 36 wa kujitolea chakula cha kalori kama 1,570 kwa siku kwa miezi sita. Linganisheni: mgao kamili unapangwa kwa kalori 2,100. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanakasirika bure, wanasikia baridi. Waliporuhusiwa kula hawakushiba, na wengi walinenepa kupita walivyokuwa. Nikisoma habari hiyo namkumbuka mama yetu, maana mwezi mmoja baada ya arusi alikuwa amerudisha zile kilo tano na moja ya nyongeza.

Niseme neno kwa waliokulia Uganda. Tunajua kwa nini wengine wanaogopa kupungua hata kidogo. Miaka ya themanini kule Rakai ukimwi uliitwa "slim", na mpaka leo mtu akikonda majirani wananong'ona. Waacheni wanong'one. Ila ukipungua bila kukusudia, una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au unatokwa jasho usiku, usishangilie, nenda kliniki wakupime TB. Na mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge, hawa wasijaribu kujinyima bila kuongea na muhudumu. Mwenye kisukari akiruka mlo baada ya dawa sukari yake inaweza kushuka akazimia usingizini.

Basi tufanye nini na sufuria hii hii tuliyo nayo? Tuanzie kwenye chai, maana hapo ndipo tunapodanganyana. Nilimwuliza mama yetu anaweka sukari vijiko vingapi. Vinne. Vikombe vingapi kwa siku? "Vinne, dada, na wageni wakija vitano." Vijiko kumi na sita. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko kumi na viwili vidogo kwa siku, na ikipungua zaidi ni bora. Halafu mafuta: kijiko kimoja cha kulia kina kalori kama 120, na sisi tunamimina kutoka kwenye galoni bila kuangalia. Pima kwa kijiko. Chumvi nayo, kwa ajili ya presha, kijiko kidogo kimoja kwa siku kwa mtu mmoja, pamoja na ile ya ndani ya mchuzi.

Maharage na dengu msiache! Ndivyo vinavyoshibisha na kulinda misuli. Asida au ugali upunguze tonge kadhaa, nafasi yake ijazwe na bamia, kudra, majani ya kunde, sombe isiyoogelea kwenye mafuta, au mchicha, ambao Wakongo wanauita lengalenga. Maji machafu ya kuoga yanatosha kumwagilia matuta mawili nyuma ya nyumba.

Mama yetu sasa ni mwezi wa tano. Amepungua kilo nne, pole pole, na presha imeshuka ingawa vidonge anaendelea. Maharage amerudia. Ila chai yenye vijiko viwili bado hajaisamehe, anasema ni chai ya gerezani, na kila nikimtembelea ananiwekea mimi vinne kwa makusudi.