Spika Moja Imeungua, Tuzitupe Zote?



Juma hili tunatafakari jambo ambalo wengine wataliona la kifundi mno kwa ukurasa wa padre. Spika mojawapo ya kanisa ikiungua, na kiwanda kikiwa kimekwisha kuacha kutoa aina ile, pendekezo la kwanza katika vikao vya parokia huwa ni lilelile: zote zing'olewe, zinunuliwe mpya, na kila jumuiya ipangiwe kiasi cha kuchangia. Sisi tunaona kwamba pendekezo hilo huja mapema mno.

Si kwamba tunadharau usikivu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 311, yanataka waamini waweze kuwasikia vizuri padre, shemasi na wasomaji, kwa msaada wa vyombo vya kisasa. Mtume Paulo naye (Rum 10:17) ameifungamanisha imani na kusikia. Bibi anayeketi benchi la mwisho, ambaye masikio yake yamechoka, asiposikia somo amenyimwa haki yake. Lakini bibi huyohuyo ndiye tunayemwendea na bahasha ya mchango.

Tuanze basi kwa kuuliza kilichokufa ni nini. Ndani ya boksi moja mna spika mbili au zaidi: kubwa ya sauti nzito na ndogo ya sauti nyembamba. Mara nyingi huungua moja tu, na boksi lenyewe, nyaya na sumaku ni vizima. Fundi huchukua mita yake akapima koili. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma karibu na 6. Isiposoma chochote, waya wa koili umekatika. Koili huweza kusukwa upya, na koni ikabadilishwa. Na ikiwa kilichooza ni ule ukingo wa sponji unaoizunguka koni (nao huoza kwa miaka na unyevu, hata spika isipopigwa), hubandikwa mwingine, spika ikarudi kazini.

Ugumu upo pale inapobidi kufunga spika ya aina nyingine ndani ya boksi lilelile. Kutazama kipenyo na wati hakutoshi. Omu zilingane, na ulingane pia uwezo wa kugeuza umeme kuwa sauti: uwezo huo ukipungua kwa desibeli 3, spika itahitaji nguvu ya umeme maradufu ili itoe sauti ileile. Ndiyo maana yapo makanisa ambamo upande mmoja huvuma na mwingine hunong'ona. Afadhali zibadilishwe mbili, kulia na kushoto, na ile iliyobaki nzima itunzwe sakristia kama akiba.

Wenye ujuzi hawaoni haya kufanya hivyo. Yamaha NS-10, spika ya koni nyeupe iliyotoka mwaka 1978 na kuenea katika studio za muziki duniani, ilisitishwa mwaka 2001 kwa kuwa malighafi ya koni zake ilikuwa ngumu kupatikana. Wapo wanaozitunza hadi leo, wakitoa vipuri katika zile zilizokufa. Ikiwa watu wanaokula kwa sauti wana subira hiyo, sisi tuna haraka gani? Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliukemea utamaduni wa kutupatupa vitu. Hatudhani aliyatenga maghala ya parokia.

Hata hivyo, ikiwa koni zote zimeoza, maboksi yameliwa na mchwa, na gharama ya matengenezo inakaribia bei ya mpya, zinunuliwe mpya, nasi tutasimama kuomba mchango bila kigugumizi. Na fundi alipwe. Si kila kazi ya kanisa ni ya kujitolea, hasa kwa mtu anayelisha watoto wake kwa koleo na risasi ya kuchomea.

Tena, spika haziungui bure. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, huanza kuyakata mawimbi ya sauti huku taa nyekundu ikiwaka. Koili hupata joto, na mara nyingi ile spika ndogo hutangulia kufa. Kwa hiyo, kabla spika iliyotengenezwa haijarudishwa ukutani, amplifaya na mikseri vikaguliwe, na vijana wa mitambo waoneshwe kiwango ambacho hakizidishwi, hata kwaya ikiomba, hata siku ya kipaimara.